Galaksi Mbili na Ukuta wa Yustina

Machi 11

...akashusha matofali mbele ya mlango wangu kabisa, na hapo ndo daftari lile likaisha karatasi. Hili jipya kaniletea mpangaji wangu Asifiwe. Basi naendelea palepale, shoga, usidhani nimesahau.

Anayeshusha matofali ni Yustina, Mama Gervas, dada wa marehemu mume wangu Didas. Nyumba zetu zinatazamana, ua mmoja, bomba moja, kamba ya kuanikia nguo moja. Tangu tumzike Didas mwaka jana hatuongei. Neno wifi nimelifungia kabatini pamoja na makoti ya marehemu. Sasa naamka naona lori linatapika matofali katikati ya ua, na yeye kasimama kibarazani kwake kajifunga khanga utafikiri anajengewa kanisa.

Nikasema kwa sauti, sikumtaja mtu, "Wengine wakijenga ukuta ujue wanaficha sufuria."

Na yeye akamwambia kuku wake, "Shh, we kuku, mdomo huo ndo utakaokukatisha shingo."

Ndo tunavyoongea sie siku hizi. Kupitia kuku.

Nimeenda kwa mjumbe wa mtaa. Kanisikiliza nusu, kasema, "Mama Noela, hii ishu yenu nitaiitia kikao mvua zikiisha. Mpaka hapo, nakuomba, funga mdomo." Mie nifunge mdomo, hapa Chanika, na salon iko palepale mlangoni. Maneno yatanipasua. Ndo maana nayashushia humu.

Machi 13

Manyunyu tu. Matofali yake yamelowa. Nimelala vizuri.

Machi 14

Fundi kaja, na unajua ni nani? Wilfred. Mhehe wa Wilfred.

Sie Wangoni na Wahehe ni watani, babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakabakiza matusi. Mtani akikutukana hukasiriki. Akibeba kitu chako hukasiriki, unakikomboa kwa kitu kidogo, soda, kuku, au tusi zuri zaidi. Ukinuna umeshindwa, watakucheka mpaka wajukuu.

Kaingia uani, kanikuta nachambua mchicha.

"Mngoni, bado hujafa?"

"Nife nikuachie wewe mbwa wangu? Si utamtia kitunguu."

"Mbwa wako kakonda kwa kusikiliza maneno yako. Hata chumvi hatashika."

Nikacheka. Lakini nacheka na huku nakumbuka. Maana huyuhuyu Wilfred ndo alikuja kwenye msiba wa Didas kama mtani, kavaa koti la marehemu, kaingia mlangoni anakohoa kama Didas, kasimama kama Didas, mkono kiunoni, kaniita kwa sauti ileile, "Apolo, leo kuna chai au kuna maneno?" Watu kimya. Na kwenye ukimya ule Yustina akacheka. Kaka yake kalazwa ndani ya sanduku, yeye anacheka mpaka mabega yanaruka.

Mtani siwezi kumkasirikia. Lakini dada mtu naweza. Nikasema mbele ya waombolezaji wote, "Anayecheka atoke." Akatoka. Akaenda zake mwenyewe, mie sikumshika mkono.

Na leo huyo Wilfred anamjengea ukuta. Dunia hii ina vituko.

Machi 18

Ukuta umeanza kuchipua. Mvua imenyesha asubuhi, wakasimama. Mchana wakaendelea.

Machi 19

Leo nikueleze huyu Asifiwe, maana naye simwelewi. Mnyakyusa wa Tukuyu, mweusi mzuri, kapanga chumba changu cha uani, kile kinachotazamana na ukuta. Anasalimia, "Shikamoo mama," kisha mlango pa. Haji kukaa. Haulizi fulani kafanya nini. Nikimletea habari moto moto anasema, "Kumbe." Kumbe. Mtu nimeitafuta habari hiyo tangu asubuhi.

Na jioni anakula kwa Yustina. Kwangu analala, kule anakula. Mie hilo naliona kama kuchukuliwa mtu.

Leo nimeingia kwake na kisingizio cha ndoo. Kafungua laptopu, kuna picha ya mavitu mekundu na ya bluu, kama mayai mawili yamepasukia kwenye kikaango kimoja.

"Hii nini?"

"Galaksi mama. Mbili. Kila moja ina nyota mabilioni. Zinagongana."

"Wapi?"

"Mbali. Ndo utafiti wangu wa chuo. Natakiwa nikaudifendi, yaani nikautetee mbele ya watahini, mwezi wa tano. Nikifaulu, kuna nafasi ya kufundisha pale chuoni, wananishikilia mpaka mwezi huohuo. Nikikosa tarehe wanampa mwingine."

Nikamuuliza hizo rangi. Kasema ni eksirei. Mie nikaruka nyuma na ndoo yangu. Eksirei chumbani kwangu, na ukuta mwembamba ule.

Akacheka, mara ya kwanza namwona meno. "Haziko humu mama. Hata hazifiki duniani, hewa yetu inazizuia zote. Kuna chombo kiko juu kabisa, nje ya hewa, ndo kinazipokea, kinatuma hesabu. Mie nachora hizo hesabu tu."

"Kwa hiyo kuna eksirei za mbinguni na hakuna anayeziona."

"Hakuna mwenye jicho la kuziona. Mpaka uwe na chombo."

Nikatoka. Nimewaambia watu wa salon kwamba mpangaji wangu anapiga eksirei nyota zinazogombana. Hawajaniamini. Mara ya kwanza nasema kweli tupu na hawaamini.

Machi 24

Mvua. Mvua. Ukuta umefika magotini.

Machi 27

Hapo magotini ndo nikaona hatari. Ua umeinama kuja kwangu. Zamani maji yalikuwa yanapita katikati, yanaenda zake bondeni. Sasa ukuta unayageuza yote yaje kibarazani. Nimemwambia Wilfred aache matundu ya maji kwa chini.

"Mwenye ukuta hajasema matundu."

"Mwenye ukuta ana kichwa cha kuku."

"Hayo kamwambie kuku."

Kumbe hata yeye kashajua tunavyoongea.

Basi nikafanya jambo. Alipoenda kunywa uji nikabeba pima maji yake, kile chuma chenye kipovu cha kupimia kama ukuta umelala sawa. Nikaja kukaa juu yake, nimetandaza khanga. Karudi, katafuta, kaniangalia.

"Mtani, umekalia kazi yangu."

"Ikomboe. Toa matundu ya maji, nakupa."

Kafikiri. Ndo nikajua nimemshika, maana akikasirika kashindwa. Lakini Mhehe kichwa ngumu. Kasema, "Babu yangu aliona Wangoni wanakuja tangu ng'ambo ya mlima. Jicho hilohilo ndo langu. Kaa nayo."

Akaendelea kujenga kwa jicho.

Aprili 2

Nimeikalia bado. Nikitoka naiweka chini ya godoro. Ukuta kiunoni.

Aprili 5

Mvua imelala hapa hapa juu ya bati. Yustina kapika makande, harufu inavuka, Asifiwe kavuka. Mie nimekula ugali na hasira, vinashibisha vyote.

Aprili 9

Leo Asifiwe kaja mwenyewe kukaa kibarazani. Alikuwa na uso wa mtu aliyegombana na simu. Kasema supavaiza wake, yule anayemsimamia utafiti, hataki kumwelewa.

"Kuhusu nini?"

"Kuna sehemu pale katikati ya galaksi mbili, inawaka sana. Yeye anasema ni maiti."

Shoga, niliweka mboga chini.

Nikuambie alivyonieleza, maana ni habari kuliko zote nilizowahi kupata mtaani. Galaksi zikikaribiana, nyota zenyewe hazigongani, zinapishana tu kama watu sokoni, maana kati ya nyota na nyota pana uwazi mkubwa. Kinachogongana ni gesi, ile hewahewa iliyokaa kati ya nyota. Gesi ikiminywa, nyota mpya zinazaliwa kwa mkupuo, nyingi kwa wakati mmoja, kama mtaa mzima umejifungua wiki moja. Zile kubwa zinakufa haraka, zinalipuka. Zikilipuka zinaacha maiti ndogo nzito. Na maiti ile kama ina mwenzake wa karibu, inaanza kumnyonya. Inamvuta ngozi taratibu, ngozi ikianguka pale inapata moto wa ajabu, na moto huo ndo eksirei.

"Maiti inamnyonya aliye hai," nikasema.

"Ndiyo mama."

"Huyo ni Yustina."

Kaangalia ukuta, kaniangalia mie. Kasema kwa upole kabisa, "Au wewe, mama."

Nimeingia ndani. Jioni maji ya kuoga sikumpelekea.

Aprili 10

Hatusalimiani. Kasema shikamoo, nimeitikia kwa pua.

Aprili 12

Mwaka mzima namfagilia huyu Asifiwe mbele ya mlango wake. Mie maiti.

Aprili 16

Ukuta umefika kifuani. Ukiutazama kutoka salon unaona umelewa, umelalia upande wangu. Kila mtu anaona. Wilfred naye anaona, nimemkamata anaukodolea jicho moja. Ningempa pima maji angenyoosha. Lakini hajaomba. Mtani haombi, na mie mtani sitoi bure.

Maji yamefika ngazi ya pili ya kibaraza. Mchana nayachota na ndoo nayamwaga ng'ambo, juu ya ukuta. Yustina naye anachota anayarudisha. Tumechota hivyo mpaka mvua ikatuzidi wote wawili. Hakuna aliyesema neno. Kuku nao wamejificha.

Aprili 20

Asifiwe kaja kuomba msamaha na maparachichi ya kwao. Nimeyala nikiwa nimenuna.

Kumbe alikuwa anataka kunionyesha kitu. Kasema kama pale panapowaka ni maiti, mwanga ungekuwa nukta, umekaa pamoja kama kichwa cha njiti. Sasa kautazama upya, kautoa uchafu, kaukuta umesambaa kama moshi wa jikoni. Hauna nukta.

"Hakuna maiti pale katikati mama. Ni gesi tu. Ya huyu na ya yule, zilipokutana zikawaka."

"Nani alianza?"

Maana hilo ndo swali. Kwenye ugomvi wowote lazima yupo.

"Hakuna. Zilipita karibu tu."

"Acha kunidanganya. Yupo aliyemsogelea mwenzake."

"Zilivutana zote mbili." Kisha kasema kitu kikanikaa. "Na hii picha ni ya zamani sana. Mwanga umesafiri mpaka umezeeka. Tunayoyaona yanagombana hapa, kule kwenyewe pengine yashaisha. Zishakuwa galaksi moja."

"Mungu aepushe," nikasema.

Aprili 25

Umeanguka.

Nilikuwa nakamua tui, saa ya mchana watu wanatoka kusali, mvua inapiga kama mtu anayegombea mlango. Nikasikia mlio kama lori limekohoa. Nyumba ikatikisika, taa pu. Natoka nakuta kipande cha ukuta kile kilicholewa kimelala juu ya kibaraza changu, maji yaliyokuwa yamezuiwa yanaingia ndani kwa Asifiwe kama yana mkataba. Boksi la mita limeng'olewa ukutani, waya unaning'inia.

Nikapiga kelele jina lake. Alikuwa kakaa juu ya kitanda, miguu kaikunja, laptopu kaikumbatia kifuani kama mtoto anayenyonyeshwa. Dirisha halina kioo. Vioo viko kwenye nywele.

Nikamvuta. Nikamtukana, "We mtoto nani kakwambia ukae dirishani?" Yeye anasema, "Imepona mama, imepona," kumbe laptopu.

Nageuka, kwenye pengo la ukuta yuko Yustina, analowa, mikono kichwani. Tumeangaliana. Ndo mara ya kwanza tunaangaliana usoni tangu msibani. Mdomo wake ulifunguka. Nikamtangulia. Nikasema, "Furahi sasa. Cheka."

Akaondoka. Baadaye nikasikia nyundo, anaziba pengo na mabati.

Aprili 28

Mafundi wa umeme wamekuja, wamekata waya kabisa kwa usalama. Wanasema ukuta wa nyumba ukikauka ndo waje kufunga mita mpya. Utakauka lini, na mvua ndo hii. Sie giza.

Wilfred hajaonekana tangu siku ile.

Mei 2

Daraja la bondeni limekatika. Kwenda mjini mpaka ubebwe mgongoni na vijana wa pale, na jana wamemdondosha mtu na begi lake.

Asifiwe kapiga simu chuoni. Wamesema sawa, adifendi kwa mtandao, maana hata mtahini mmoja yuko nje ya nchi. Ijumaa, saa nne asubuhi. Wakimpoteza hewani ndo basi, wale watahini hawakusanyiki tena mpaka nafasi ile ishaenda kwa mtu.

Laptopu yake ni nzee, haikai na moto. Ukichomoa waya inakufa palepale.

"Umeme upo hapo ng'ambo," kasema, anaonyesha mabati. "Mama Gervas kasema niende nikakae kwake."

Ndo nikapandwa. Humu nasema kweli, basi kweli ndo hii. Nilimwambia, "Ukivuka pale ukakae, usirudi. Vyombo utavikuta barazani. Kaninyang'anya ua, kaninyang'anya njia ya maji, kanivunjia nyumba, sasa anachukua na mtu. Nenda. Lakini usirudi."

Sikuwahi kumwona huyu mtoto kakasirika. Hakupaza sauti.

"Mama, mie chakula nilikuwa naenda kule kwa sababu hapa kila nikikaa unanisimulia ubaya wa kule. Na kule kila nikikaa nasimuliwa ubaya wako. Mie ndo nakaa katikati. Mnaniminya, mnaniminya, sasa naungua."

Akaanza kukunja nguo.

Mei 3

Anakunja. Mie nimekaa mlangoni, nahesabu nguo.

Mei 5

Nguo zote ziko kwenye begi. Kabakiza laptopu na shuka. Nikamwambia unyevu wa sakafuni utaliharibu begi. Kaliinua kaliweka juu ya stuli. Ndo mazungumzo yetu ya leo.

Mei 7

Wilfred kaja. Mvua imekatika kidogo, jua linachungulia kama mdaiwa. Kaingia bila tusi. Nikajua kuna jambo.

"Mama Noela, nirudishie pima maji."

"Hujakomboa."

"Nimekuja kukomboa." Akakaa kwenye tofali lililoanguka, palepale kwenye mabati, akaanza kuongea kwa sauti ya kusikika ng'ambo. Nikasikia na ndala za Yustina zinakuja, zinasimama.

"Mie ndo niliyejenga vibaya," kasema. "Nilijua umelala. Nikaona aibu kuomba. Hilo moja. La pili, lile koti nililivaa mie. Sauti ya Didas niliiga mie. Nyie mkashindwa kunikasirikia kwa sababu ni mtani, hasira mkapelekeana. Mie nikapewa kuku wangu wa utani nikaenda kula. Yeye kafukuzwa, kaka yake kazikwa hajamtupia hata konzi ya udongo. Nimemla yule kuku mpaka leo hajashuka."

Ng'ambo ya mabati ndala hazikuondoka.

Nikasema, "Alicheka."

"Alicheka kwa sababu nilimwiga Didas vizuri mno. Nawe ulizimia kaburini. Kila mtu na pake uchungu unapotokea."

Shoga, nilitaka kumjibu. Nilikuwa na jibu zuri tu. Lakini lilinijia lile la udongo. Maana sikuwahi kulihesabu. Mie nilihesabu kicheko. Udongo sikuuhesabu. Siku ile nilikuwa nimeshikwa mikono, sikuona nani katupa nani hajatupa.

Nilienda ndani nikatoa pima maji chini ya godoro nikampa. Akaiegemeza kwenye kipande cha ukuta kilichobaki, akachungulia kipovu, akatikisa kichwa.

"Jicho la babu yangu," kasema, "lilikuwa na kengeza."

Mei 8

Leo asubuhi Asifiwe kaja na begi mkononi. Kesho ndo Ijumaa yake.

"Mama nashukuru kwa yote. Naenda. Sina hasira. Ila kesho ikipita bila umeme sina kitu."

Nikamwambia akae kwanza. Nikaenda kwenye mabati. Nilikuwa nimejifunga khanga mbili, kama naenda kupeleka posa.

Nikasema, "Wenye umeme wangetoa waya tu ukapita hapa, mtoto akakaa mezani kwake alipopazoea, na makaratasi yake."

Ng'ambo nikasikia, "Waya ninao. Lakini mtu aombe kwa mdomo wake. Asiombe kupitia kuku."

Nyuma yangu Asifiwe kashika begi. Salon wote wametoka na rola kichwani.

"Mama Gervas," nikasema, "naomba umeme."

"Nani anaomba?"

"Mie. Apolonia."

Bati likasogea. Mkono ukatoka, una ekstensheni imekunjwa vizuri, kavu, imefutwa. Mkono tu. Nikaipokea. Bati likarudi.

Asifiwe kalirudisha begi ndani. Mie nimekaa hapa kibarazani. Kuomba kitu kidogo vile, nimechoka kama nimetwanga gunia.

Mei 9

Ijumaa. Nakuandikia nikiwa nje.

Ekstensheni yake ilikuwa fupi, ikabidi tuunganishe na yangu, na maungio yameangukia palepale kwenye pengo. Mafundi wasingependa wakiona. Wilfred kayainua juu ya tofali, kayafunga na nailoni, kaniambia, "Mngoni, kazi yako leo ni kukaa hapa. Yasiguswe na maji. Na usiongee, hewani wanasikia." Kisha kaenda kusimama barabarani kuwazuia watu wa salon wasifungulie muziki.

Basi nimekaa kwenye stuli, nimefunika maungio na ndoo iliyopinduliwa, na juu ya ndoo mwavuli. Manyunyu yanaanza. Ng'ambo ya bati naye kakaa, naona ndala zake kwa chini. Naona na ncha ya mwavuli wake. Hakuna aliyemtuma.

Namsikia Asifiwe dirishani, pale pasipo na kioo. Anaongea kiingereza, sielewi, ila naijua picha anayoonyesha sasa hivi, ile ya mayai mawili. Mzungu anamuuliza. Anajibu. Anauliza tena, sauti ya ukali, najua ukali kwa lugha yoyote. Nikabana ndoo kwa magoti. Kisha Asifiwe kaanza kuongea taratibu, anaongea tu, anapanda, haachi nafasi, na mzungu anasema okei, okei. Nadhani ndo pale pa moshi. Hauna nukta. Mwambie mwanangu, hauna nukta.

Mvua inakaza. Wino unatambaa, utanisamehe.

Kuna mtu mwingine anauliza, mwanamke. Huyu kaanza kwa kucheka, sio kwa ubaya. Asifiwe naye kacheka. Mie sijawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kucheka katikati ya jambo zito namna hii na jambo likabaki zito vilevile. Didas angekuwepo angekohoa pale mlangoni aseme...

Maji yamekuja kwa chini, upande wa ng'ambo, yanasogelea tofali. Upande wangu pakavu. Sijui kama kayaona. Ndala zimesimama. Naona kainama, anayazuia kwa mikono, kwa khanga yake ile nzuri ya msiba, kaivua kaitandika chini iyanywe. Haitatosha. Nikiinuka ndoo itaanguka, nisipoinuka maji...

Ananiita. "Wifi. We wifi, acha kuandika, leta udongo huku tuyazibe, upesi..."